Shahidi Aliyekataa Hata Jina Lake

Siku ya kuniaga mlinipa khanga, saa ya ukutani na fimbo ya kutembelea. Khanga nimevaa, saa nimetundika. Fimbo nimempa shemeji yangu, maana mimi nimestaafu, sijavunjika mguu. Halafu mkaniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi yenyewe, ninyi makarani wapya mliojaa pale baraza la ardhi na simu zenu, kwa kuwa eti naondoka na mambo mengi kichwani. Haya. Nimekaa kibarazani kwangu, chai ya tangawizi iko pembeni, upepo wa Dodoma unanimwagia vumbi kwenye karatasi, na naandika. Anayetafuta humu habari za vyeo na mishahara ataumiza macho bure.

Mimi ni mtoto wa Mpwapwa, wa mjini, kwenye zile nyumba za Waislamu ambao mababu zao walifika na misafara ya biashara na kurudi kukawashinda. Baba alikuwa na duka la kaniki, chumvi na mafuta ya taa. Wateja wake wengi walikuwa Wagogo wanaotoka mnadani kuuza mifugo, na mtoto wa dukani hujifunza lugha ya mteja kabla hajajua kurudisha chenji. Kwa hiyo Kigogo changu hakina makunyanzi. Mpaka leo nikimwambia mtu "mbukwa" kwenye simu, salamu hiyo tu, ananiuliza mimi ni wa ukoo gani. Hicho Kigogo ndicho kilichonipatia kazi ya ukarani na ukalimani, si cheti changu, ambacho nacho kilikuwa cha kawaida tu.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mzee Kaselema, karani mkuu, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Hakunikaribisha kwa maneno matamu. Alinikabidhi Biblia, Msahafu, kitambaa na kengele ya shule, akaniambia hizo ndizo zana zangu na nisimwazime mtu hata kengele. Biblia na Msahafu vifutwe vumbi kila asubuhi, kwa sababu shahidi akipiga chafya katikati ya kiapo inabidi aanze upya, na mwenyekiti hapendi kuanza upya. Kengele ilikuwa ya kuita watu ndani. Kitambaa kilikuwa cha vumbi, lakini nilikuja kukitumia zaidi kwa machozi, ya watu wengine na siku moja moja ya kwangu.

Benchi la mashahidi alilipeleka uani, mbali na dirisha, ili aliye nje asisikie aliye ndani anasema nini. Ninyi mmelirudisha karibu na dirisha kwa sababu ya kivuli. Lirudisheni uani. Kivuli hakijawahi kuharibu kesi, ila masikio yameharibu nyingi.

Kuhusu ukalimani alinipa somo moja tu. "Mama Saumu," aliniambia, "wewe ni bomba. Maji yakiingia machafu, yatoke machafu. Usichuje." Asubuhi hiyohiyo nikapata mtihani. Mzee mmoja wa Chemba, aliyekasirishwa na kuahirishwa kwa kesi yake, alimwangalia mwenyekiti akasema kwa Kigogo kwamba mtu huyu ana uso wa aliyelala na njaa. Mwenyekiti akanigeukia: anasemaje? Nikamwambia anasema mheshimiwa ana uso wa mtu aliyelala na njaa. Mwenyekiti akaandika, akaweka nukta, akasema kwamba ni kweli jana alichelewa kurudi nyumbani, tuendelee. Tangu siku hiyo sikuogopa tena kutafsiri.

Kwa faida ya ndugu zangu wa nje ya baraza watakaosoma hapa, nieleze tunavyokaa. Mwenyekiti ni mwanasheria, yeye ndiye anayeamua. Kushoto na kulia kwake wanakaa wazee wa baraza wawili, raia wa kawaida, ambao wanasikiliza kesi tangu mwanzo na mwishoni wanatoa maoni yao. Mwenyekiti halazimiki kuyafuata, lakini lazima ayasikilize na ayaandike. Wakati ninaousimulia, wazee wetu walikuwa Mzee Sefu, muuza vitambaa, mkali kama pilipili ya kusaga, na Mama Damari, mkulima na mwimbaji wa kwaya, ambaye alikuwa anafunga macho akisikiliza na wageni wakadhani amelala. Hakuwahi kulala. Ukimwuliza shahidi wa tatu alivaa shati la rangi gani, anakuambia.

Waliwahi kuja wanafunzi wa sheria kututembelea, wakaniambia kuna nchi ambako kesi ya madai ya namna hii huamuliwa na raia kadhaa waliokaa pembeni, na shahidi akiulizwa swali linaloweza kumpeleka jela, anasema tu sijibu, basi, na wale raia wanabaki wakikisia ule ukimya maana yake nini. Nikawaambia hapa kwetu Mzee Sefu angewapa maana yake kabla shahidi hajakaa. Kwa Mzee Sefu, mtu akikaa kimya alikuwa na lake, habari imekwisha.

Sheria niliyoikuta ikitumika pale barazani, nawaeleza kama karani na si kama wakili, ilikuwa hivi. Katika kesi ya madai shahidi hawezi kukwepa swali linalohusu kesi kwa sababu tu jibu litamtia hatiani. Akikataa, mwenyekiti anaweza kumwamuru ajibu. Lakini akishaamriwa, jibu lile haliwezi kuchukuliwa na kwenda kumshtaki nalo, labda awe amesema uongo. Ni kama mwavuli. Sasa sikilizeni sehemu ambayo watu wengi inawapita: mwavuli unafunguka kwa anayekataa kwanza kisha akalazimishwa. Aliyebwabwaja mwenyewe kwa hiari yake, mvua ni yake.

Na watu wetu wa vijijini, jamani, hawajui kukataa. Mtu mwenye miwani aliyekaa kwenye kiti kirefu akikuuliza jambo, kunyamaza ni utovu wa adabu. Anaulizwa ng'ombe wa fulani walipitia wapi, anajibu, kisha kwa heshima anaongeza na wale aliowaiba yeye. Nimeona hayo kwa macho yangu. Nimesimama pale na Kigogo changu, natafsiri, moyoni nasema baba nyamaza, mdomoni natafsiri.

Ndipo ikaja kesi ya Mama Elizabeti.

Huyu alikuwa mjane wa kijiji kimoja cha Chamwino, mwenye shamba la mizabibu alilolilima na marehemu mumewe. Shamba lilikuwa na kisima kimoja, na bila kisima kile mizabibu ya pale ni kuni. Mpaka wake na jirani ulikuwa ukuta wa minyaa, ile mimea isiyo na majani ambayo kila mtu wa huku ameizungushia boma. Mama yake akaugua huko Chemba, akaenda kumuuguza kiangazi kizima. Aliporudi alikuta minyaa imehama. Ilikuwa upande wa pili wa kisima. Kisima na mistari yote ya mizabibu iliyo jirani nacho vilikuwa ndani ya shamba la jirani, Bwana Sostenesi, na mahali mpaka wa zamani ulipokuwa palikuwa pamelimwa, pamelainishwa, hata mzizi huoni.

Bwana Sostenesi alikuwa mfanyabiashara wa mjini aliyenunua shamba lile la jirani. Mtu wa watu, mcheshi, akija barazani anasalimia mpaka mlinzi, anauliza hali ya watoto kwa majina. Alisema minyaa ilikuwa palepale miaka yote, ila aliipogoa ndiyo maana ni mifupi. Baraza likaenda shambani kuangalia. Majirani wakasema wao hawajui, wengine wakasema wanajua lakini hawakumbuki. Mama Elizabeti alisimama kando ya kisima chake akishika ndoo, na ndoo hiyo ilikuwa tupu kwa sababu alikuwa amezuiwa kuchota. Mizabibu yake ilikuwa imeanza kukunja majani. Wakili wake, Bi Farida, msichana makini, alinong'ona nami tukirudi kwenye gari kwamba asipopata shahidi, mteja wake amekwisha.

Shahidi alikuwepo. Kijijini walikuwa wanasema kwamba katika kiangazi kile kibarua mmoja, Yona Chilongani, alionekana akishikwa mkono njia nzima kurudi nyumbani, macho yamevimba kama maandazi. Kila mtu wa huku anajua kinachovimbisha macho namna ile. Ni utomvu wa minyaa. Na mtu hapati utomvu mwingi kiasi hicho kwa kupita karibu. Bi Farida akaomba Yona aitwe, akapelekewa wito.

Lakini kung'oa mpaka wa mtu ni jinai. Yona akisema kweli, Mama Elizabeti anapata kisima, na yeye Yona anaweza kuishia gerezani, na nyumbani kuna mke na watoto wanaomtegemea yeye na jembe lake. Akinyamaza, mizabibu ya mjane inakauka. Wote tulilijua hilo kabla hajafika.

Alifika amepakiwa kwenye pikipiki ya Bwana Sostenesi. Nikajisemea, hee, leo kuna kazi. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, kofia mkononi. Nilikwenda uani kuhakiki mashahidi kama kawaida, akasimama, akaniamkia shikamoo ingawa hatukupishana sana umri, kisha akaniuliza kwa Kigogo, taratibu, "Mama, nikisema kweli nitafungwa?"

Hapo ndipo kazi hii inapokuwa ngumu, wanangu. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini karani hampi shahidi ushauri, hata wa neno moja, kwa sababu leo utamsaidia mwenye haki na kesho utamsaidia mwizi kwa moyo uleule mweupe. Na ukigundulika, kesi yote inachafuka na anayeumia ni yuleyule mjane. Nikamwambia kitu pekee nilichoruhusiwa kumwambia: "Swali hilo si la kuniuliza mimi. Kaliulize ndani, kwa mwenyekiti, kwa sauti." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa dawa asiyoijua. Nikaondoka nikijiona nimemtupa.

Nikapiga kengele, akaingia kizimbani. Nikashika Biblia mkono mmoja na Msahafu mwingine, maana shahidi kwanza anasema dini yake ndipo anaapa. Mwenyekiti akamwuliza jina. Nikatafsiri. Yona akavuta pumzi, akasimama wima kama askari, akasema hilo hatajibu, litamtia hatiani.

Nikatafsiri. Bomba ni bomba.

Mwenyekiti akainua kichwa. "Jina lako limefanya nini?"

Hilo nalo, Yona akasema, hatajibu. Dini? Hatajibu. Kabila? Hatajibu. Anaishi wapi? Litamtia hatiani. Nimesimama pale na vitabu viwili vitakatifu, mikono inaniuma, shahidi hana jina, hana dini, hana kwao. Mlinzi mlangoni alikuwa ameuma kola ya shati lake ili asicheke. Mzee Sefu alimtazama Yona kwa namna ambayo nilijua ameshatoa hukumu na amebakiza kuipiga muhuri. Mama Damari peke yake alikuwa amefumba macho, na pembe ya mdomo wake ilikuwa inacheza.

Mwenyekiti wetu alikuwa na hasira za karibu, lakini siku hiyo sijui alikunywa chai gani. Akaweka kalamu chini, akamweleza Yona polepole kwamba hapa hakuna kukataa maswali kwa jumla kama mtu anayefunga duka. Swali linakuja moja, unalisikiliza, likiwa linakutisha unasema, na yeye mwenyekiti ataamua. Jina halijamfunga mtu. Akamwuliza nani alimfundisha maneno haya. Yona, kwa kuwa ni mtu wa adabu na swali hilo halikumtisha, akajibu palepale kwamba ni Bwana Sostenesi, amemfundisha njia nzima kwenye pikipiki, mpaka vumbi likamwingia mdomoni.

Wakili wa Bwana Sostenesi akajishika paji la uso. Bwana Sostenesi mwenyewe akaanza kukohoa, kikohozi cha ghafla.

Basi tukampata Yona Chilongani, Mgogo, Mkristo, mkulima. Akaapa kwenye Biblia, sauti ndogo. Bi Farida akaanza kwa mbali: anamfahamu Mama Elizabeti? Anamfahamu. Analijua shamba? Analijua. Kiangazi kile aliugua macho? Aliugua. Kisha akauliza lile lenyewe: nani aling'oa minyaa ya Mama Elizabeti?

Nikatafsiri. 

Huwa natumia kimya cha shahidi kupanga karatasi. Siku hiyo sikupanga kitu. Yona alimtazama Bwana Sostenesi, akamtazama Mama Elizabeti, ambaye alikuwa amekaza macho sakafuni, kisha akanitazama mimi. Nikatazama ukuta. Kuna ufa kwenye ukuta ule, karibu na saa, bado upo, nendeni mkauone. Niliutazama ule ufa mpaka nikaujua kwa moyo, na moyoni nikasema, uliza, baba, uliza.

Akageuka kwa mwenyekiti, kofia inazunguka mikononi. "Mheshimiwa, nikijibu hilo nitafungwa?"

Nililitafsiri swali lile neno kwa neno. Wakili wa Bwana Sostenesi akasimama haraka, akasema shahidi ameonyesha wazi kwamba hataki kujibu, ni haki yake kunyamaza, aachwe ashuke. Bi Farida naye akasimama. Mwenyekiti akawakalisha wote kwa kiganja. Akaandika kwa muda mrefu, anasoma kwa sauti anachoandika: shahidi anahofia jibu la swali hili litamtia hatiani, anaomba asijibu. Kisha akavua miwani.

"Nakuamuru ujibu," akasema. "Na kwa sababu nimekuamuru, jibu lako halitatumika kukushtaki. Ila ukinidanganya, hapo mimi na wewe tutaonana."

Ikawa zamu yangu. Kwa mtu mwenye hofu unatamani kulainisha, useme mzee anakuomba, mzee anakusihi. Hapana. Amri ikilainishwa inakuwa ombi, na anayejibu ombi amejibu kwa hiari yake. Nikampa Yona amri ile ikiwa na mifupa yake yote, na ule mwavuli wote, na lile onyo la mwisho. Akaniomba nirudie. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa, nikarudia. Niliona mabega yake yakishuka. Sijui kama niliwahi kuona mtu akishukuru kwa kulazimishwa, lakini yule alishukuru.

"Ni mimi," akasema. "Nilikata matawi, nikachimba mashimo ng'ambo ya kisima, nikapanda. Ile ya zamani niliing'oa na mizizi, nikaichoma. Bwana Sostenesi alikuwa amesimama, ananionyesha kwa mguu: hapa, na hapa, na hapa. Ulikuwa mwezi wa njaa, alinipa debe la mtama. Utomvu ukaniingia machoni. Nilipolala na macho yangu yamefungwa kitambaa nilikuwa namwona mama huyu tu."

Wakili wa upande wa pili akajaribu maswali ya dodoso. Akamwuliza Yona, Mama Elizabeti amemwahidi nini hata aje kusema haya. Yona akamjibu kwamba hajamwahidi kitu, tangu arudi kutoka Chemba hata salamu hajampa. Mama Elizabeti akainua macho kutoka sakafuni kwa mara ya kwanza, na nilijua kwamba hilo nalo lilikuwa kweli. Bwana Sostenesi alikuwa ameacha kukohoa.

Nimelifikiria sana jambo hili baadaye, na kila mara nacheka. Yona asingefundishwa na mtu, angefanya kama wenzake wote. Angeulizwa nani aling'oa minyaa, na kwa adabu zake angejibu hapohapo, ni mimi mzee, samahani, na asingekuwa na mwavuli wowote. Bwana Sostenesi, katika kumziba mdomo, ndiye aliyemfundisha kukataa. Na kule kukataa ndiko kulikomwokoa. Kampakia mwenyewe kwenye pikipiki, kwa mafuta yake mwenyewe, akamleta mpaka mlangoni kwetu.

Siku ya maoni, Mzee Sefu alianza kwa ukali. Alisema mtu yule alipokataa jina lake yeye alishamhesabu kuwa mwongo, na bado hajaupenda uso wake. Akakuna ndevu. Kisha akasema lakini mwongo hajitwishi mzigo wa namna ile, kwa hiyo kisima ni cha mama. Mama Damari alifungua macho, akasema yeye alijua tangu shambani, kwa sababu minyaa iliyopogolewa huwa na makovu ya panga na ile haikuwa na kovu hata moja, ilikuwa michanga. Mwenyekiti akamwuliza mbona hakusema. Akajibu hakuulizwa. Uamuzi ukatoka: mpaka urudi ulipokuwa, na kisima kirudi kwa mwenyewe.

Haikuishia hapo. Bwana Sostenesi, kwa hasira, alikwenda polisi kuripoti kwamba Yona Chilongani amekiri hadharani kung'oa mpaka. Askari akatumwa. Asubuhi moja nikamkuta mke wa Yona kwenye benchi la uani, mtoto mgongoni, anasema wanataka kumchukua mume wake na mlisema hatashtakiwa, mama, mlisema. Nilimpa kitambaa changu, na sikumpa ushauri, nikamwambia akae hapo hapo. Yule askari mwenyewe alikuwa ofisini kwa mwenyekiti kuomba kusoma mwenendo wa kesi. Alisoma akiwa amesimama, akafika penye neno "nakuamuru", akasoma tena. Kisha akauliza kwa upole kama anaweza kupata anwani ya Bwana Sostenesi, kwa kuwa huyo yeye hakuamriwa na mtu. Nilikwenda uani mimi mwenyewe kumwambia mke wa Yona arudi nyumbani akapike.

Miaka mingine ikafuata, na kesi nyingine, na wenyeviti wengine. Mzee Kaselema alistaafu akaniachia ofisi yake na ule uzi wa miwani kwenye droo, sijui kwa nini, lakini sikuutupa. Nimemwapisha hata mtu aliyetaka kuapa kwa ng'ombe wake. Nimetafsiri ugomvi wa ndugu wawili walioelewana Kiswahili vizuri kabisa ila hawakutaka kusemezana. Hayo mtayakuta wenyewe, na ya kwenu yatakuwa mazuri zaidi.

Nimalizie na Jumamosi moja, wiki chache baada ya uamuzi ule. Nilikwenda Chamwino kununua zabibu, si kikazi. Nilipopita karibu na shamba nikaona watu, nikateremka. Minyaa mipya ilikuwa imeng'olewa, na Yona alikuwa amepiga magoti pale palipolimwa, panga mkononi, matawi yamelundikwa pembeni. Nikamwuliza Mama Elizabeti imekuwaje amemwita yuleyule. Akanijibu kwa mkato, "Nani mwingine anajua ilipokuwa?"

Alikuwa bado hamwangalii usoni. Alisimama nyuma yake na ndoo, safari hii imejaa, na alikuwa anamwonyesha kwa kidole, hapa siyo, sogea. Yona akasogea. Akachimba kidogo, akashika tawi la kwanza, utomvu mweupe ukimchuruzika kwenye vidole.

"Ilikuwa hapo?" Mama Elizabeti akamwuliza.

Yona akainua kichwa. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, na nikaona pembe ya mdomo wa Yona ikianza kupanda. "Mama," akasema, "nikijibu hilo nitafungwa?"

Majirani wakacheka, wale wale wasiokumbuka. Mimi nilicheka mpaka nikashika ubavu. Mama Elizabeti hakucheka. Kicheko chetu kikaanza kuona haya na kwisha kimoja kimoja, na nikaogopa. Kisha akainama, akaweka ile ndoo ya maji ya kisima chake karibu na goti la Yona.

"Jibu," akamwambia. "Halafu nawa mikono kabla hujajigusa macho."